Amazing Spider-Man 375: sulhu ya Venom, na wenye damu hawakuulizwa

Jana usiku stima ilikatika Mkomani yote hapa Lamu nikalimalizia kwa tochi ya simu, mara ya tatu hiyo, na ile kava ya dhahabu ikawa inarudisha mwanga mpaka juu kwenye boriti. Nimeona niandike sasa hivi kabla halijapoa kichwani, manake hili toleo la komiki limenikaa, na kuna kitu ndani yake kinaniuma, nisipokisema sitalala vizuri.

Ni The Amazing Spider-Man namba 375, la Machi 1993. Mwandishi ni David Michelinie, mchoraji Mark Bagley. Lilitoka kwa sherehe ya miaka 30 ya jarida lenyewe, ambalo namba 1 yake ni ya Machi 1963, ndio maana likavishwa kava ya karatasi ya kung'aa na kuuzwa dola 3 na senti 95 wakati toleo la kawaida mwaka ule lilikuwa dola 1 na senti 25. Miaka ile Marekani watu walikuwa wananunua komiki za kava za kumetameta kwa maboksi, hata hawazisomi, wanaziweka tu wakiamini watakuja kuziuza wawe matajiri, na biashara ikavimba ikapasuka mpaka Marvel wenyewe, wachapishaji wa Spider-Man, wakaenda kortini kutangaza wamefilisika Desemba 1996. Kwa hiyo nakala za hili ziko nyingi sana duniani na usikubali mtu akuuzie kama lulu.

Mimi langu nimelinunua Langoni, kwa mzee mmoja anayepanga vitabu vya mitumba barazani, vingi ni vile wageni wa Shela wanavyoacha wakirudi kwao. Riwaya za Kijerumani, vitabu vya yoga, ramani za zamani. Hili lilikuwa chini kabisa ya katoni, nikaona kitu kinang'aa. Akaanza na mia tano, tukashuka mpaka mia tatu na hamsini, akanitilia na kalenda ya mwaka juzi. Pini za stepla katikati zimeshika kutu, hewa ya huku hakuna chuma inakionea huruma, na dhahabu imechubuka pembeni pale vidole vya watu vilipopita. Lakini kurasa zote zipo, rangi zipo, hakuna mtoto aliyechorachora.

Sasa kama hujawahi kufuata hadithi hizi nikueleze kidogo, manake toleo lenyewe linakuchukulia kama mtu wa nyumbani, halikungojei. Spider-Man alipata nguo nyeusi mwaka 1984, nguo iliyotoka sayari nyingine, akaja kugundua kwamba ile si nguo, ni kitu hai kinachomganda mtu, wao wanakiita simbioti. Akaitoa kwa sauti ya kengele za kanisa, manake kitu kile hakiwezi kelele kali wala moto. Ikabaki na kinyongo. Ikakutana na Eddie Brock, mwandishi wa habari aliyechapisha kwamba amempata muuaji fulani, kumbe aliyekiri kwake alikuwa mwongo, na Spider-Man akamkamata muuaji wa kweli. Eddie akapoteza kazi, akapoteza mke, jina likaoza, na yote akamtupia Spider-Man. Kinyongo na kinyongo vikakutana ndani ya kanisa, ndio huyo Venom, na alitokea mzima mzima namba 300, Mei 1988.

Nilikuwa namsomea binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na moja, namfasiria kwa Kiswahili huku anatazama picha. Venom hasemi "mimi". Anasema "sisi". Sisi tunakuchukia, sisi tutakula ubongo wako. Mtoto akanisimamisha, "Shangazi, kwani yeye ni wangapi?" Bibi yetu yuko pale kwenye kitanda cha kamba anaambua mbaazi, akajibu yeye kabla yangu, hakuinua hata kichwa: "Huyo ana mtu." Akaomba aone picha. Akavaa miwani, akautazama ule uso mweusi na yale meno kwa muda, akasema, "Mtizameni mato. Huyo si wa dunia hii." Na tangu hapo nimeshindwa kumsoma Venom kwa njia nyingine. Ni pepo na kiti chake. Mtu akipandwa huku kwetu huitwa kiti, na anayezungumza si yeye, na mara nyingine hutoshi kujua ni nani kati yao anayetaka kitu fulani. Tofauti ni kwamba ngoma zetu humwita pepo apande, na kwa Venom kelele ndiyo inayomchoma. Kule kwao wanahitaji kurasa nyingi na mashine kueleza simbioti ni nini, bibi yangu alimaliza kwa maneno matatu.

Tuje kwenye lenyewe. Venom ametoroka jela, akasikia kwamba wazazi wa Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man akivua barakoa, wamerudi. Wazazi waliosemekana wamekufa toka Peter mdogo, wakatokea mwaka 1992 wakiwa hai. (Waliokuja kusoma baadaye wanajua mwaka 1994 walifichuka kuwa si wazazi kabisa, ni maroboti, na kwangu hilo ni doa kubwa kwa mfululizo mzima, lakini hapa Michelinie anawaandika kama watu wa kweli na wewe soma hivyo hivyo.) Venom anawachukua. Na hapa ndipo utamu unapoanzia, manake hawachukui kuwadhuru. Anawachukua kuwalinda. Kichwani mwake Spider-Man ndiye shetani, kwa hiyo wazee hawa hawana hatia na lazima waokolewe na mtoto wao. Mtu anayefanya ubaya huku moyoni ana hakika anafanya wema, huyo anatisha kuliko jambazi wa kawaida, jambazi anajua anachofanya.

Peter anahangaika, anawatafuta, halafu anafanya kitu ambacho miaka mitano yote hakukifanya. Anakwenda kumuuliza mtu anayemjua Eddie. Anamtafuta aliyekuwa mkewe, Ann Weying. Hii ndiyo mara yake ya kwanza Ann kuonekana kwenye komiki, na wale mliomuona kwenye sinema ya 2018 akichezwa na Michelle Williams, mjue alizaliwa humu. Nimependa sana kwamba toleo la sherehe, la kava ya dhahabu, la kugongana mangumi, ufunguo wake ni mwanamke aliyeachika anayeulizwa: huyu mtu alikuwaje kabla? Si silaha mpya wala kengele kubwa zaidi ya ile ya kanisa.

Spider-Man na Venom wanakutana kwenye bustani ya michezo iliyoachwa, vile vyombo vya kupandisha watoto vimesimama vimechakaa, na kuna lile gurudumu kubwa la bembea la kupanda juu. Mpwa wangu alilijua, amelipanda kwenye shoo ya Mombasa. Wanapigana, Bagley anachora ugomvi vizuri, miili inajinyonga, utando unapasuka, na ule ulimi mrefu wa Venom unaomwagika mate upo kila kona (huo ulimi aliuleta mchoraji Erik Larsen, mwanzo mwenziwe Todd McFarlane alimpa meno tu). Kisha gurudumu linang'oka linaanguka, na Ann yuko chini yake.

Na Venom anamuacha Spider-Man. Anageuka, anakwenda kumuokoa Ann.

Nilirudia hapo. Manake kabla ya hapo kila alipokwenda alikuwa anakwenda kwa Spider-Man, ugomvi wake wote una upande mmoja. Hapa kwa mara ya kwanza ana pahala pengine pa kwenda. Na hukuambiwa na mtu, hakuna kisanduku cha maneno kinachokuhubiria tazama ana moyo, unaona tu adui yake yuko mbele yake na yeye amempa mgongo. Mpwa wangu hakusema kitu, akavuta tu miguu yake juu ya mkeka. Kama unauza mfululizo mpya wa mtu mbaya na unataka tumfuate, hivi ndivyo unavyofanya, tendo moja, kubwa, la kuonekana, halafu unanyamaza.

Baada ya hapo wanapatana. Wewe niache mimi nikuache, na wewe Venom usiguse wasio na hatia. Kila mtu anashika njia yake. Eddie anaondoka New York anarudi San Francisco alikozaliwa, na siku zile zile ukiingia dukani ulikuta anakungoja kwenye jarida lake mwenyewe, Venom: Lethal Protector, matoleo sita, mwandishi Michelinie yule yule, Bagley akachora mwanzo na Ron Lim akamalizia. Kule anakuwa mlinzi wa watu wasio na makao wanaoishi chini ya ardhi. Marekani mtu wa aina hii wanamwita antihiro, si mwema ukamsifu msikitini na si mbaya ukamlaani, anasimama na wanyonge lakini mikono ina damu.

Damu. Hapa ndipo panaponiuma.

Sisi huku sulhu tunaijua. Watu wakikosana, iwe shamba iwe jahazi iwe ndoa, wazee watakaa barazani, kahawa chungu itazunguka, na lazima atokee mmoja aseme was-sulhu khair, sulhu ni bora, na kweli ni bora. Nimekulia kwenye nyumba ambayo babu yangu aliitwa kupatanisha watu hata saa sita za usiku. Lakini jambo likiwa ni la kuuawa mtu, babu alikuwa hasemi neno kabla ya kuuliza wenye damu wako wapi. Wenye kusamehe ni wao. Wakitaka diya, fidia ya damu, ni wao, wakisema tumemwachia Mungu ni wao. Sisi wengine, hata tukiwa na nia njema kama maziwa, hatuna cha kutoa, manake hatukupoteza mtu.

Spider-Man anampa Venom kitu kisicho chake. Venom ameua. Ameua walinzi wa jela ya Vault akitoroka, vijana waliokuwa kazini. Peter alipoteza usingizi, alitishiwa, mkewe alitishiwa, hayo ana haki kuyasamehe yote na mimi nitampigia makofi. Lakini kusema nenda zako, sikufuati tena, hilo analisema kwa niaba ya watu waliozikwa. Na kumbuka hili ni toleo la sherehe ya miaka 30 ya mtu ambaye hadithi yake nzima imeanza mwaka 1962 kwa kumpisha mwizi apite kwenye korido manake haikuwa shida yake, na mwizi yule akaenda kumuua Uncle Ben, ami yake aliyemlea. Miaka 30 baadaye anampisha mwingine, na huyu anamjua ni muuaji.

Mara ya kwanza nilivyosoma nilikasirika nikaliweka chini nikaenda kuteka maji. Mara ya pili nikaanza kumuelewa Peter. Manake ukirudi nyuma, mwaka 1991 alimdanganya Venom kwamba amekufa, akamwacha kisiwani pasipo watu, na Venom alikuwa radhi kabisa kukaa kule, ametulia, ana bahari na mchanga na hana wa kumchukia (sisi watu wa visiwa tunaelewa). Halafu 1992 Carnage, muuaji mwingine mwenye simbioti, akatokea anaua ovyo, Spider-Man akaenda mwenyewe kisiwani kumtoa amsaidie, na kazi ilipoisha akamgeuka akamkamatisha. Kwa hiyo kuna deni pande zote mbili. Peter ameshasema uongo, ameshavunja ahadi, wazazi wake wako mikononi mwa huyu mtu, na kila wanapopigana kuna mtu mwingine anakaribia kufa. Sulhu hii ni ya mtu aliyechoka. Najua nyumba ngapi hapa mjini zimepatana kwa sababu hiyo hiyo, si kwamba haki imepatikana, ni kwamba watu wamechoka na watoto wanakua.

Na mara ya tatu, jana, ndio nimeona kwamba Michelinie alijua alichokuwa anakifanya. Manake kwenye Lethal Protector wenye damu wanakuja. Kuna mlinzi wa Vault aliyeuawa na Venom, Hugh Taylor, na baba yake ni jenerali wa zamani, Orwell Taylor, anakusanya watu, anawavisha silaha, wanajiita the Jury, wanakwenda San Francisco kumtafuta aliyemuua mwanawe. Na kabla mwaka 1993 haujaisha watu hao hao wanamkamata na Spider-Man mwenyewe wanamweka kizimbani kwa kuhusika kwake na Venom. Ndilo swali la babu yangu kabisa, na linaulizwa kwa bunduki manake hakuna aliyewauliza wao kwa maneno. Peter naye roho inamkataa, anapanda ndege anamfuata Venom kule. Sulhu ya namba 375 haidumu hata mwaka, na sasa nasoma kurasa zile za mwisho wanapoachana nikijua, na zinanilemea zaidi ya ugomvi wote uliotangulia.

Yasiyonipendeza yapo. Maneno mengi mno, Venom anapigana huku anahutubia, kuna visanduku mpaka picha inakosa pumzi, na Ann mwenyewe baada ya kuokolewa hapewi nafasi ya kutosha kusema anaonaje. Mwanamke ameletwa, ameulizwa, ameokolewa, halafu wanaume wawili wanapatana yeye amesimama. Nilitaka kurasa mbili zake tu. Waliokuja baada ya hapo walimpa zaidi, mwaka 1995 simbioti ile ile ikampanda yeye, lakini hapa alistahili. Na mtu asiyejua chochote cha nyuma atapotea, ningemwambia aanze na namba 300 kwanza, halafu hiyo ya kisiwani 347, halafu zile tatu za Carnage 361 mpaka 363, ndio aje hapa.

Bagley lakini, jamani. Kuna watu watakwambia McFarlane ndiye wa Venom na sibishani nao, sura ile ya kwanza aliichora yeye. Bagley anachora watu. Peter wake akivua ile barakoa ni kijana aliyekonda usoni kwa mawazo, unamwamini kwamba ana mke na kodi ya nyumba. Na Venom wake ni mzito, ukiweka kidole kwenye picha unahisi ile nyeusi inakushika.

Kwa mia tatu na hamsini nimepata zaidi ya haki yangu. Hata mtu akikutajia mia nane, kama nakala ni nzima na kava haijachanika, toa. Zaidi ya hapo subiri, zitakuja nyingine. Mimi toleo hili ningelipatia alama tisa kwa kumi, na ile moja niliyokata ni ya Ann.

Lethal Protector nilizisoma kwenye tableti ya binamu yangu Mombasa, nikanunua namba 1 ya karatasi kwa muuzaji wa mtandaoni, kava yake nyekundu ya kung'aa, ikaja imekunjwa katikati kama chapati, bahasha tupu bila kadibodi, na nilipolalamika sikujibiwa. Nimeinyoosha chini ya msahafu wa bibi, hapana, chini ya kamusi, bibi alikataa. Zote mbili sasa tumezitia kwenye bati la biskuti na mchele kidogo wa kunywa unyevu, mpwa wangu ndiye mwenye kushika kifuniko. Nazitafuta namba 2 mpaka 6 za karatasi. Malindi nimeambiwa kuna mtu karibu na soko kuu ana katoni nzima ya komiki za miaka hiyo. Nikipata hakika nitavuka Mokowe na basi la asubuhi, mtoto naye ameshasema anakuja.